Kamani, Kimo na Ugumu: Kuliandaa Gari Jepesi la Spoti kwa Barabara Mbovu

Mteja aingiapo katika karakana mojawapo ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi ulio kusini-magharibi ya Kolwezi, akamwambia fundi kwamba anataka "resori za nguvu", sentensi yake ina utata ambao sarufi peke yake haiwezi kuuondoa. Huenda anataka kamani zisizokatika upesi. Huenda anataka kamani zisizobonyea sana gari linapojaa watu. Huenda pia, na hili ndilo la mara nyingi, anataka gari lake liinuke ili tumbo lisikwaruze mawe. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Lakini neno ni moja, na fundi, kwa kuwa anaheshimu neno la mteja, humtilia kamani nene kuliko zote alizo nazo. Pwani ya Afrika Mashariki hali si bora zaidi: huko husemwa "springi ngumu", na kivumishi hicho -gumu hubeba maana ya kitu kisichobonyea, kitu cha kudumu na kitu chenye taabu, zote kwa pamoja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna kamani na kimo vinavyochaguliwa kwa ajili ya gari jepesi la spoti, yaani gari dogo la viti viwili, fupi kwa kimo, lenye injini ya nguvu kuliko uzito wake. Magari ya namna hiyo ni machache mitaani kwetu. Tumelichagua hata hivyo kwa sababu katika gari jepesi kosa la uchaguzi huonekana waziwazi, ambapo lori huweza kulificha kwa miaka. Zaidi ya hayo, magari madogo ya Kijapani yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yabebayo abiria huku kwetu, ni mepesi vilevile na hutawaliwa na kanuni zile zile.

Maneno manne

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Kolwezi limechukuliwa neno la Kifaransa likavikwa sauti za Kibantu. Dar es Salaam na Nairobi limechukuliwa la Kiingereza. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa tayari na neno kamani, lililotumika hasa kwa utepe wa chuma unaoendesha saa. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, na katika Kihindi kamani ni springi hadi leo. Tunalipendelea neno hili si kwa ajili ya usafi wa lugha, jambo ambalo wenyeji wa Katanga hatuna haki ya kulihubiri, bali kwa sababu linaeleza kitu chenyewe: zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine chini ya lori ni upinde kwa umbo na kwa kazi. Kamani ya gari dogo ni ya kuzungushwa, lakini nayo huweka nguvu na kuirudisha kama upinde.

Chombo cha pili, shokomzoba, kimepata jina lisilo la haki. Kwa Kiingereza maana yake ni kitu kinachofyonza mshtuko. Ukweli ni kwamba mshtuko hupokewa na kamani. Shokomzoba huja baadaye kuizuia kamani isiendelee kuchezacheza. Kifaransa, ambacho hukiita chombo hicho kwa kitenzi chenye asili ya kufisha, kiko karibu zaidi na ukweli: shokomzoba huua mtikisiko uliokwisha kuzaliwa.

Sasa yale maneno manne tunayoyahitaji. Kimo ni umbali kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari lililosimama. Ugumu ni kani inayotakiwa kuibonyeza kamani kwa milimita moja. Uimara ni uwezo wa kamani kubonyezwa mara nyingi bila kukatika wala kulegea. Upeo ni umbali wote ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka kabla halijagonga kikomo. Mteja wa Kapata akisema nguvu anaweza kuwa na lolote kati ya hayo manne moyoni. Na lile analolihitaji zaidi, yaani upeo, ndilo asilolitaja kabisa, kwa kuwa halina jina mtaani.

Ugumu si uimara

Robert Hooke, Mwingereza, alieleza mwaka 1678 kwamba kamani hubonyea kwa kiasi kinacholingana na kani inayoibonyeza: kani ikiwa maradufu, kubonyea huwa maradufu. Ugumu wa kamani ya kuzungushwa hutegemea unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya ndio wenye amri kubwa kupita vyote, kwa maana ugumu huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene huo. Waya wa milimita 12 ukibadilishwa kwa wa milimita 13, tofauti ambayo jicho haliioni kwa urahisi, kamani huwa ngumu zaidi kwa asilimia 38 hivi. Ndiyo maana kununua kamani kwa kuipima kwa macho sokoni ni sawa na kununua dawa kwa rangi yake.

Wako pia wanaokata mzunguko mmoja ili gari lishuke liwe na sura ya mbio. Kamani yenye mizunguko 6 ikibakiwa na 5 huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na wakati huohuo upeo wake hupungua. Mwenye gari hupata hasara mbili kwa msumeno mmoja. Uimara, kwa upande wake, hutokana na aina ya chuma, jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa, na usafi wa uso wake. Kamani laini iliyotengenezwa vyema itaishi kuliko ngumu iliyoanza kutafunwa na kutu chini ya rangi.

Hesabu ya kubonyea

Tuchukue gari jepesi ambalo kila kona yake hubeba kilogramu 220 za bodi, bila kuhesabu gurudumu lenyewe. Tukipima kani kwa kilogramu, kama wafanyavyo mafundi, na tukitia kamani yenye ugumu wa kilogramu 2 kwa milimita, gari litabonyea milimita 110 kwa uzito wake lenyewe. Tukitia kamani ya kilogramu 4, litabonyea milimita 55.

Kutokana na kubonyea huko mtu aweza kujua jinsi gari litakavyotikisika, bila chombo chochote ila kalamu. Chukua kubonyea kwa sentimita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 5 kwa jibu hilo: utapata idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Sentimita 25 hutoa mtikisiko 1. Sentimita 11 hutoa 1.5, sentimita 5.5 hutoa 2.1. Gari la familia huwa kati ya 1 na 1.5, karibu na mwendo wa mtu anayetembea, na huenda ndiyo sababu mwili wetu hauulalamikii. Gari la spoti la barabarani huwa kati ya 1.5 na 2. Yale ya mashindano yenye mabawa ya kulikandamiza chini huenda mbali zaidi, lakini yamejengwa kwa njia laini kama meza.

Katika hesabu hii mna jambo ambalo mafundi wengi hawalitamki. Ile milimita 110 ya kubonyea ni pia kina cha shimo ambalo gurudumu laweza kulifuata. Gurudumu linaposhuka katika shimo, kamani hurefuka na kani yake hupungua. Ikifika urefu wake wa asili haina kani tena, na gurudumu, hata kama linagusa ardhi, halibebi kitu. Gari letu la kamani laini hupoteza mshiko katika shimo la sentimita 11. Lile la kamani ngumu hulipoteza katika shimo la sentimita 5.5, na mashimo ya namna hiyo katika barabara ya udongo baada ya mvua za Januari hayahesabiki. Kwa hiyo mtu aliyetia kamani ngumu kwa sababu ya mashimo amejinyima hasa kile anachokihitaji mashimoni. Breki hazishiki, usukani haujibu, naye husema gari ni jepesi mno. Wepesi wake hauna kosa, zimeizidi kamani.

Lakini haki iko pia upande wa mteja. Gari jepesi lina udhaifu mmoja ambao gari zito halina. Tuongeze abiria na mizigo, kilogramu 75 kwa kila kona. Kamani ya kilogramu 2 itabonyea milimita 37 zaidi. Gari kubwa lenye kilogramu 500 kwa kona, likiwa na kamani inayobonyea kwa milimita 110 zile zile, litashuka milimita 17 tu kwa mzigo huohuo. Hapo ndipo gari dogo linapogusa mawe, na hapo ndipo mwenye gari anapokimbilia nguvu. Pierre-Jules Boulanger wa Citroën alikabiliwa na swali hilo alipotaka gari la wakulima liwezalo kuvuka shamba lililolimwa bila kuvunja mayai kapuni. Jibu lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, Citroën 2CV, halikuwa na kamani ngumu: lilikuwa na kamani laini sana, upeo mrefu, na magurudumu ya mbele na ya nyuma ya upande mmoja yaliyounganishwa yasaidiane. Ubaya wake ni kwamba kwenye kona gari hulala kama jahazi.

Ushahidi wa Safari

Kama tunatafuta gari la spoti lililolazimika kuishi katika barabara za Afrika, hatuhitaji kwenda mbali. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi za Afrika Mashariki, yalikuwa kwa miongo mingi maabara kubwa ya kamani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, gari la viti viwili, lenye injini ya silinda 6 na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe kwa 240Z, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun za aina nyingine.

Jambo la kutazama katika 240Z ni umbile la chini. Kila gurudumu, la mbele na la nyuma, lilisimama peke yake juu ya nguzo yenye kamani na shokomzoba pamoja, bila ekseli nzima inayounganisha kushoto na kulia. Gurudumu moja likiingia shimoni halikulivuta la pili. Umbile hilo huruhusu upeo mkubwa bila kulazimisha ugumu.

Porsche nao walijaribu. Mwaka 1978 walileta 911 SC iliyoinuliwa hadi kimo cha karibu sentimita 28, zaidi ya maradufu ya kile cha gari la dukani. Vic Preston mdogo alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504 Coupé, ndugu wa lile gari ambalo Afrika nzima ililijua kwa ulaini wa kamani zake na urefu wa upeo wake. Hatusemi kwamba Peugeot lilishinda kwa sababu ya kamani tu. Katika mashindano ya maelfu ya kilomita bahati, matope na dereva vina sauti. Lakini anayedhani kwamba gari lililo juu kuliko yote ndilo bora kuliko yote hana budi kuueleza mwaka huo.

Kimo hakipatikani bure

Turudi karakanani. Njia rahisi ya kuinua gari dogo ni kutia kipande cha chuma au cha mpira kati ya kamani na kiti chake. Ugumu haubadiliki, kimo huongezeka, na mteja huondoka akitabasamu. Kilichobadilika kisionekane ni mgawanyo wa upeo. Chukua shokomzoba yenye upeo wa sentimita 18, iliyokuwa imesimama katikati: 9 za kupanda, 9 za kushuka. Gari likiinuliwa sentimita 5 kwa kipande, zinakuwa 14 za kupanda na 4 za kushuka. Katika kila shimo la kina cha zaidi ya sentimita 4 gurudumu huning'inia, na shokomzoba hugonga kikomo chake cha chini, kikomo ambacho hakikutengenezwa kwa kugongwa kila siku. Baada ya miezi michache hutoa mafuta, na lawama huangukia ubora wa bidhaa.

Si hayo tu. Mihimili inayozungusha magurudumu hupinda kwa pembe kubwa zaidi, mipira inayofunika viungo vyake hupasuka, vumbi jekundu huingia na viungo huanza kulia kwenye kona. Vyuma vya usukani havilali tena sambamba na mikono ya magurudumu, hata gari likapita juu ya tuta usukani huvuta wenyewe. Kitovu cha uzito nacho hupanda. Tuseme magurudumu yameachana mita 1.35 na kitovu kiko sentimita 50 juu: kukipandisha hadi 55 kunaongeza kwa asilimia 10 uzito unaohamia upande wa nje gari linapokata kona. Kwa mtu anayekwenda polepole kati ya Kapata na mjini si kitu. Kwa anayeendesha kwa kasi barabara ya Likasi, ambako malori ya madini humlazimisha kukwepa ghafla, ni kitu sana.

Ni afadhali basi kufikiri kwa mpangilio wa kinyume. Kwanza upeo: pata shokomzoba ndefu kadiri umbile la gari linavyoruhusu, ukiacha angalau theluthi moja ya upeo kwa kushuka. Kisha kimo, kisichozidi kile ambacho viungo na usukani vinakubali. Katika gari dogo sentimita 3 au 4 mara nyingi ndizo mwisho wa heshima, na nyingine zaweza kupatikana kwa tairi lenye ukuta mrefu zaidi, ambalo ndilo kifaa pekee kinachoinua hata sehemu zilizo chini ya kamani. Mwisho ndipo ugumu, nao uwe mdogo kadiri unavyotosha kuzuia gari lililojaa lisigonge kikomo cha juu katika mashimo ya kawaida. Yale yasiyo ya kawaida waachiwe mipira ya vikomo na akili ya dereva. Kulala kwa gari kwenye kona kuna dawa nyingine, upau wa chuma unaounganisha kushoto na kulia, nao uwe mwembamba, kwa sababu kwenye mashimo hupeleka pigo la gurudumu moja kwa jirani yake.

Kamani za nyuma na za mbele zisiwe na mtikisiko sawa. Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba za nyuma zinapaswa kutikisika haraka kidogo. Sababu ni rahisi: tuta hupiga mbele kwanza. Gari lenye mita 2.3 kati ya ekseli zake likienda kilomita 80 kwa saa, nyuma hupigwa sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Nyuma ikiwa ya haraka zaidi huifikia mbele, na gari likatulia likiwa sambamba. Ikiwa ya polepole, gari huinama na kuinuka kama mtumbwi.

Limebaki suala la mawimbi, yale matuta madogo ya barabara ya vumbi yaliyopangana kama bati la nyumba. Yakiachana sentimita 70 na gari likienda kilomita 30 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 12 hivi kwa sekunde, na hiyo ni karibu na idadi ambayo gurudumu lenyewe, likiwa kati ya tairi na kamani, hupenda kurukaruka. Kwa kilomita 60 mapigo ni 24, gurudumu halina wakati wa kuyafuata, na gari huonekana kutulia. Madereva wetu wanalijua hili kwa mazoea bila hesabu. Wasilolijua wengi ni kwamba katika utulivu huo gurudumu hugusa vilele tu, mshiko ni mdogo, na shokomzoba inachemka. Kamani ngumu haisaidii lolote hapa. Linalosaidia ni gurudumu jepesi na shokomzoba nzima.

Anayetaka kujua kama amechagua vyema asitegemee maneno ya karakana wala ya makala haya. Apime kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kila siku. Tofauti ya namba hizo mbili humwambia kamani zake zinabonyea kiasi gani kwa mzigo huo. Halafu, pale ambapo mti wa shokomzoba unaonekana, afunge uzi mwembamba kuuzunguka, ausukume hadi chini, kisha aende safari yake ya kawaida hadi mjini na kurudi. Uzi utakutwa umesukumwa juu hadi pale upeo ulipotumika. Ukiwa umefika kileleni kila siku, kamani ni laini mno au kimo ni kifupi mno kwa kazi hiyo. Ukiwa haujavuka nusu hata baada ya juma zima la mashimo, mwenye gari amebeba ugumu asiouhitaji, na anaweza kurudi kwa fundi kuomba kamani laini zaidi.